Simulesheni ya kompyuta kupanga idadi ya tipa na kumaliza tuta kabla ya mvua za Novemba: naombeni muongozo

Tuta_Uyole:

Wakuu, habari za majukumu.

Kuna kazi ya kuinua tuta la barabara upande wa juu wa Uyole, Mbeya. Kifusi cha moramu ni mita za ujazo 42,000 zikishashindiliwa. Machimbo yako kilomita 6 kutoka katikati ya kazi, na tipa zikijaa zinapanda mlima. Kijiko kimoja, bakuli la mita za ujazo 1.2. Tipa ni za tairi kumi, kila moja inabeba mita za ujazo 15 za moramu iliyolegea. Kazi inaanza tarehe 1 Septemba, siku sita kwa wiki, saa 8 kwa siku.

Hesabu ya mkono iko hivi: kupakia dakika 5.5 pamoja na tipa kujipanga, kwenda dakika 14.4 (kilomita 25 kwa saa), kumwaga na kugeuza dakika 3, kurudi dakika 10.3 (kilomita 35 kwa saa). Jumla dakika 33.2. Ukigawa kwa 5.5 unapata tipa 6. Kwa ratiba hiyo kazi inakamilika ndani ya wiki saba na nusu, kabla Oktoba haijaisha.

Mhandisi mshauri amesema ratiba ya namna hii haitoshi, anataka simulesheni. Naomba kujua: itaongeza nini ambacho hesabu hii haina? Programu gani ya bure inafaa? Nipime vitu gani saiti, na kwa kiasi gani? Na mvua inaingizwaje?

Natanguliza shukrani.

---

Foleni_Kwanza:

Mkuu, kujumlisha umejumlisha sawa. Shida ni kwamba hesabu hiyo inachukulia kila tipa inafika chini ya kijiko sekunde ileile iliyotangulia inapoondoka. Saiti haiendi hivyo. Tipa moja ikichelewa kwenye kona, kijiko kinakaa bure. Baada ya dakika kumi zinaingia tatu kwa mpigo, moja inapakiwa na mbili zinasubiri. Muda ambao kijiko kilikaa bure umeshapotea na haurudi, hata kama wastani wa mzunguko umebaki dakika 33.2. Na upotevu huo ni mkubwa zaidi hapo hapo ulipo, pale idadi ya tipa inapolingana kabisa na uwezo wa kijiko.

Tuweke mipaka miwili ili uone ukubwa wake. Nyakati zote zisipobadilika hata kidogo, tipa 6 zinatoa safari 10.8 kwa saa. Sasa chukua upande wa pili: muda wa kupakia unatawanyika kwa mgawanyo wa eksponenshali (mara nyingi mfupi, mara chache mrefu sana), wastani ukiwa uleule wa dakika 5.5. Tipa 5 zinatoa safari 7.8 kwa saa, 6 zinatoa 8.8, 7 zinatoa 9.6, 8 zinatoa 10.1. Saiti yako iko kati ya mipaka hiyo, na ni vipimo tu vitakavyokuonyesha iko wapi.

Geuza iwe siku. Nimechukua moramu inavimba asilimia 25 ikichimbwa, na ikishindiliwa inashuka hadi asilimia 90 ya ujazo wake wa ardhini. 1.25 gawa kwa 0.9 ni 1.39, kwa hiyo unabeba mita za ujazo kama 58,300 zilizolegea, sawa na safari karibu 3,890. (Pima moramu yako, usichukue namba zangu.) Kwa safari 10.8 kwa saa ni siku 45. Kwa 8.8 ni siku 55. Tofauti ya siku kumi za kazi imetoka kwenye kutawanyika kwa muda peke yake, bado hujagusa uharibifu wa mitambo wala mvua.

Angalia pia gharama, maana hapa wengi wanateleza. Chukulia saa moja ya kijiko ina bei ya saa 2.5 za tipa. Kwa namba za mpaka wa pili, ukihesabu kijiko na tipa tu, safari moja ni nafuu zaidi kwa tipa 5 au 6, karibu 0.97 ya saa ya tipa. Ila greda, rola, boza la maji, mafuta ya jenereta na mishahara ya saiti navyo vinalipwa kila saa. Tuseme vyote hivyo ni sawa na saa 5.5 za tipa. Sasa tipa 5 zinakupa 1.67 kwa safari, 6 zinakupa 1.59, 7 zinakupa 1.57, 8 zinakupa 1.58. Nafuu imehamia tipa 7. Anayelinganisha bei ya kijiko na tipa pekee ataajiri tipa chache kuliko inavyotakiwa, kisha alipe genge zima la juu likae linasubiri kifusi.

Programu: kama unaifahamu Python (lugha ya kuandikia programu) japo kidogo, chukua SimPy, maktaba yake ya simulesheni, ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote ya kawaida. Kijiko kinakuwa rasilimali yenye nafasi moja. Kila tipa ni mchakato unaojirudia: omba kijiko, subiri, pakiwa, kiachie, safiri, omba nafasi ya kumwaga, mwaga, rudi. Mistari haifiki mia. Mantiki hii ya kuiga mizunguko ya ujenzi si mpya. Daniel Halpin aliitengenezea mfumo wa CYCLONE miaka ya 1970, na Simphony ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, nayo imejengwa kwa ajili ya ujenzi hasa. Ukianza na SimPy utaelewa kinachoendelea ndani, na mshauri akiuliza utaweza kumjibu.

Kabla hujaamini jibu lolote, ijaribu modeli yako kwa majibu unayoyajua. Weka nyakati zisizobadilika na tipa moja: lazima itoke safari 1.81 kwa saa. Tipa 6: 10.8. Rudisha eksponenshali kwenye kupakia, tipa 6: karibu 8.8. Ikishindwa mojawapo, kuna kosa kwenye programu, na mara nyingi ni tipa iliyosahau kukiachia kijiko, au saa umeichanganya na dakika.

Jambo la mwisho: ile desturi ya kuzidisha kwa dakika 50 kati ya 60 (kuchukulia kila saa ina dakika 50 tu za kazi) iache, ukishaingiza foleni na uharibifu ndani ya modeli. Ukiiweka tena unakata mara mbili kwa hasara ileile.

---

Mafinga_Saiti:

Kamwene wadau. Foleni_Kwanza amemaliza upande wa mantiki. Mimi niongezee vipimo, kwa sababu modeli nzuri yenye namba za kukisia ofisini haimsaidii mtu.

Weka watu wawili wenye simu, mmoja machimboni na mwingine kwenye kumwaga. Saa za simu zilingane kabla ya kuanza. Kila tipa iandikwe namba, na nyakati hizi: inafika machimboni, inaanza kujipanga, bakuli la kwanza linamwagwa, bakuli la mwisho, inaondoka, inafika juu, inaanza kumwaga, inaondoka. Kosa linaloharibu data nyingi ni kuandika "muda wa kupakia" kuanzia tipa inapofika. Hapo umeingiza foleni ndani ya kupakia, kisha modeli nayo inatengeneza foleni yake, na hasara inahesabiwa mara mbili. Kusubiri kuandikwe kivyake. Muda huo hutauingiza kwenye modeli, utautumia baadaye kuihakiki.

Hesabu na mabakuli. Bakuli la 1.2 likijaa asilimia 90 linatoa 1.08, kwa hiyo tipa ya 15 inataka mabakuli 14. Kwa sekunde 20 kila moja ni dakika 4.7, ongeza kujipanga unafika 5.5 yako. Ila moramu ikiwa na mawe makubwa, au mwendeshaji akilazimika kuchimbua kwanza ndipo apakie, sekunde 20 zinakuwa 30 na dakika zinafika karibu 8. Kama hakuna dozi (buldoza) ya kukusanya kifusi mapema, hilo litakuwa linajirudia kila siku.

Kiasi: mizunguko 50 hadi 60 kwa kila hatua inatosha kuanzia, ila isitoke yote asubuhi ya siku moja. Chukua asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tofauti. Kule juu asubuhi kuna ukungu na tipa zinatambaa.

Mambo matatu ya nyanda zetu ambayo modeli za vitabuni hazina. La kwanza ni mwinuko. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Uyole ni karibu mita 1,800 na kazi yako inapanda zaidi, kwa hiyo kasi iliyopimwa Morogoro au Dar usiilete hapa. La pili, tipa hazifanani. Ukichota muda wa safari kwa nasibu bila kujali ni tipa ipi, modeli inaifanya tipa kuukuu iwe ya haraka safari inayofuata. Kila tipa ipewe wastani wake, ndipo utawanye kuuzunguka wastani huo. La tatu, njia nyembamba haina kupishana. Tipa ya haraka ikiikuta ya polepole inakaa nyuma yake mpaka juu, na zinafika zikiwa mkia mmoja. Kwenye programu weka sharti kwamba tipa haiwezi kufika kabla ya iliyoitangulia kuingia kipande hicho. Ni sharti la mstari mmoja, na linabadilisha majibu kuliko watu wanavyodhani.

Uharibifu: hesabu kwa saa za mtambo kufanya kazi, si kwa siku za kalenda. Tipa moja ikiharibika unapungukiwa, kijiko kikiharibika kazi yote inasimama. Muda wa matengenezo usiuweke kwa wastani peke yake. Mpira wa haidroliki unafungwa siku ileile ukipatikana Mwanjelwa, lakini pampu inayotoka Dar inaweza kuchukua siku kadhaa, na lori likikwama Kitonga ongeza tena. Mgawanyo wa lognomo wenye mkia mrefu kulia unafaa hapo.

---

Dada_Ratiba:

Mhandisi Tuta_Uyole, nijibu la mvua na la tarehe.

Kwanza tenganisha modeli mbili. Ile ya tipa inakupa uzalishaji wa siku kavu. Ya pili ni ya ratiba nzima, inaenda siku kwa siku, na hiyo unaweza kuifanya kwa Excel kwa njia ya Monte Carlo. Kila jaribio linachota uzalishaji, uharibifu na mvua, linatoa tarehe moja ya kumaliza. Ukirudia mara 1,000 unapata picha ya tarehe zote zinazowezekana.

Mvua usiiweke kama "siku 5 za tahadhari kila mwezi". Omba Mamlaka ya Hali ya Hewa takwimu za mvua za kila siku, miaka mingi kadiri utakavyopata, za kituo kilicho karibu na kazi. Usitumie Mbeya mjini kwa kazi iliyoko upande wa Tukuyu, kule mvua ya mwaka ni zaidi ya mara mbili. Kisha kwenye kila jaribio chagua mwaka mmoja kwa nasibu na uutumie ulivyo, kuanzia 1 Septemba na kuendelea. Faida ya njia hii ni kwamba siku za mvua zinabaki zimefuatana kama zilivyonyesha kweli. Ukichota kila siku peke yake, unazitawanya. Chukua mfano ambapo theluthi moja ya siku ni za mvua. Zikichotwa kila moja kivyake, kipindi cha mvua mfululizo kina wastani wa siku 1.5. Mvua ya leo ikifanya uwezekano wa kesho uwe asilimia 60, na siku kavu ikifuatiwa na mvua kwa asilimia 20, theluthi inabaki ileile lakini kipindi kinafika siku 2.5. Jumla ya siku za mvua ni ileile, ila wiki nzima ya kusimama inatokea mara nyingi zaidi, na wiki hiyo ndiyo inayokuvusha tarehe ya mkataba.

Weka kizingiti pia. Mfano: mvua ya milimita 10 au zaidi inasimamisha kushindilia siku hiyo, na siku inayofuata ni ya kukausha. Udongo wa majivu ya volkano wa kuzunguka Rungwe unashika maji sana na unakauka polepole, kwa hiyo kama sehemu ya tuta iko juu ya udongo huo, weka siku mbili. Ukishindilia ukiwa na unyevu kupita kiwango, asilimia 95 ya msongamano hutaipata hata rola ikipita mara ishirini, na tabaka litang'olewa.

Kwa shughuli zisizo na vipimo, kama kuidhinishiwa machimbo, tumia mgawanyo wa pembetatu: kiwango cha chini a, cha kawaida m, cha juu b. Kwa namba nasibu u kati ya 0 na 1: ikiwa u ni ndogo kuliko (m−a)/(b−a), muda ni a jumlisha kipeuo cha pili cha u(b−a)(m−a). Vinginevyo ni b toa kipeuo cha pili cha (1−u)(b−a)(b−m). Ijaribu kwa a=4, m=5, b=9, u=0.5: jibu ni 5.84. Na zingatia kwamba wastani wa hiyo ni 6, si 5. Fundi akikuambia "kawaida siku tano" anakupa m. Ukiiandika tano kwenye ratiba kama wastani, umeshachelewa kabla ya kuanza.

Kosa lingine kubwa ni pale njia zinapokutana. Tuta haliwezi kufunikwa mpaka makalavati yawe tayari, machimbo yameidhinishwa na mitambo imefika. Kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 80 wa kuwahi, na hazitegemeani, zote tatu kuwahi ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani asilimia 51. Ratiba ya kawaida yenye mstari mmoja mwekundu wa shughuli zinazoamua tarehe ya mwisho hailioni hilo. Lakini mvua zinazitegemeanisha: ikinyesha, kalavati na tuta vyote vinasimama. Kwa hiyo ndani ya jaribio moja shughuli zote zisome safu ileile ya mvua, usiichotee kila shughuli mvua yake.

Na kwa makalavati utakayomwaga Julai na Agosti, ongeza baridi. Kwa kanuni ya Nurse na Saul, zege linakomaa kwa kadiri ya joto jumlisha nyuzi 10. Kwa nyuzi 20 ni 30 kwa siku, kwa nyuzi 10 ni 20. Ukomavu wa siku 7 kwenye joto la nyuzi 20 unahitaji siku 10.5 kwenye nyuzi 10. Usiku wa Julai Uyole unashuka chini ya hapo, hivyo chukua wastani wa usiku na mchana uliopimwa kwenye zege lenyewe kabla ya kupanga tarehe ya kutoa mbao.

---

Tuta_Uyole:

Asanteni sana wakuu, na dada. Vipimo vimechukuliwa machimboni na modeli ya SimPy imepita majaribio yote matatu. Nimeongeza rola na kikomo cha kumwaga: eneo la juu likijaa marundo ambayo hayajasambazwa, tipa inasubiri.

Sasa kuna jambo sielewi. Tipa 6 zinatoa safari 9.1 kwa saa, 7 zinatoa 9.3, 8 zinatoa 9.3 ileile. Foleni imehamia upande wa kumwaga na kijiko kinakaa bure. Rola ni moja, upana unaofaa mita 1.8, kilomita 4 kwa saa, mapito 8, tabaka la milimita 150. Modeli imekosea?

---

Foleni_Kwanza:

Haijakosea, imekuonyesha kizuizi halisi. Piga hesabu: 1.8 × 4,000 × 0.15 gawa kwa 8 ni mita za ujazo 135 kwa saa. Toa robo kwa kugeuza na kusubiri majibu ya kipimo cha msongamano, unabaki na 101. Safari moja ya tipa ni mita za ujazo 10.8 zikishashindiliwa, kwa hiyo rola inakubali safari kama 9.4 kwa saa. Tipa ya nane haina pa kwenda.

Fanya jaribio la kipande cha majaribio kabla ya Septemba, cha mita 100 hivi, upime msongamano baada ya pito la 4, la 6 na la 8. Kama 6 yanafikisha kiwango na mshauri akakubali, rola inapanda hadi 135 kwa saa ikiwa imekatwa robo ileile, na kizuizi kinarudi kwenye kijiko. Kama hayafiki, kodi rola ya pili. Usiongeze unene wa tabaka bila ruhusa.

---

Mafinga_Saiti:

Na boza usilisahau, Septemba na Oktoba ni kukavu. Kwa mita za ujazo 101 kwa saa, msongamano mkavu wa tani 1.9, na moramu inayohitaji kuongezewa maji asilimia 4, unataka karibu lita 7,700 kila saa, bila kuhesabu yanayopeperushwa na upepo. Boza moja la lita 10,000 lazima limalize mzunguko wake kila dakika 78. Pampu ya lita 300 kwa dakika inalijaza kwa dakika 33. Zimebaki 45 za kwenda, kumwagia na kurudi. Kama mto uko zaidi ya kilomita 5 liingize boza kwenye modeli kama rasilimali, na ukienda mapito 6 ya rola mahitaji ya maji yanapanda kwa kiwango hicho hicho.

---

Tuta_Uyole:

Mto uko kilomita 7, naliingiza leo. Swali la mwisho: mshauri anataka tarehe moja. Nimpe wastani wa majaribio 1,000?

---

Dada_Ratiba:

Hapana. Wastani una karibu nusu ya uwezekano wa kupitwa. Mpe tarehe ambayo asilimia 80 ya majaribio yamemaliza ndani yake, na kando yake uandike ya asilimia 50, ili aone unene wa tahadhari. Majaribio 1,000 yanatosha: kama tarehe zinatawanyika kwa siku 6, kosa la wastani ni 6 gawa kwa kipeuo cha pili cha 1,000, yaani siku 0.2. Ya asilimia 80 inayumba zaidi kidogo, irudie kwa mbegu tofauti (namba ya kuanzishia) ya namba nasibu uone kama inahama zaidi ya siku moja.

Kisha kazi ikianza, kila Jumamosi chukua tiketi za safari za wiki hiyo, weka uzalishaji halisi, na uendeshe upya kuanzia kifusi kilichobaki. Tarehe ya asilimia 80 ikivuka Novemba 15, uamuzi wa rola ya pili au saa za ziada ufanyike wiki hiyo hiyo, wakati ardhi bado ni kavu.